Hivi hizi kauli za "tuna wasiwasi mkubwa" kuhusu Iran zinamsaidia nani hasa?

msomaji_wa_usiku (mleta mada)

Wakuu habari zenu. Nina swali linanisumbua muda mrefu, naomba wenye uelewa wanisaidie. Sitaki ubishi wa vyama wala wa dini, nauliza kwa moyo kabisa.

Nafuatilia mambo ya Iran tangu Septemba 2022, pale yule binti Mahsa Amini alipokamatwa Tehran na polisi wa maadili eti hijabu yake haijakaa sawa. Tarehe 13 wamemkamata, tarehe 16 ameshafariki hospitali, ana miaka 22, na wala hakuwa mkazi wa Tehran, alikuja kutembea tu na familia yake wakitokea Saqqez kwa Wakurdi huko. Kuna picha moja mpaka leo haijanitoka kichwani, watu wa familia yake wamekumbatiana kwenye korido ya hospitali, ile namna ya kushikana mtu ambaye miguu imeshamwisha nguvu. Mwandishi aliyeirusha picha ile, Niloofar Hamedi, wiki haikuisha akawa yupo ndani. Mwenzake Elaheh Mohammadi aliyesafiri mpaka Saqqez kuandika habari za mazishi, naye ndani. Yani kosa ni kuonyesha watu wanavyolia.

Sasa toka hapo kila baada ya muda nasoma habari ile ile, Umoja wa Mataifa waelezea wasiwasi, Umoja wa Ulaya walaani, nchi kadhaa zatoa tamko la pamoja kuhusu wanawake, kuhusu Wakurdi na Wabaloch na Wabahai (waumini wa dini ya Bahai), kuhusu mawakili na wanafunzi waliofungwa. Halafu hujakaa sawa unasikia mwingine kanyongwa. Baraza la haki za binadamu Geneva lilikaa kikao maalum tarehe 24 Novemba 2022, nikasema haya sasa labda wataogopa. Tarehe 8 Desemba wakamnyonga Mohsen Shekari. Siku nne mbele wakamnyonga Majidreza Rahnavard hadharani pale Mashhad, kwenye kreni, siku 23 tu tangu akamatwe. Siku 23 jamani, kuna watu kesi ya kuku inachukua zaidi ya hapo. Amnesty International walihesabu walionyongwa angalau 853 mwaka 2023 na angalau 972 mwaka 2024, yani matamko yanaongezeka na vitanzi vinaongezeka.

Kwa hiyo naombeni mnieleweshe, yule mama aliyekaa nje ya gereza la Evin pale Tehran anasubiri kuambiwa mwanae yuko hai au la, hilo tamko la Geneva linamfikiaje? Au ni maneno ya wakubwa kutakasa dhamiri zao wakalale?

Ndugu_Sheria

Mleta mada swali lako zito na sitakudanganya kwamba tamko linafungua mlango wa seli, halifungui. Ila naomba tutenganishe vitu kwanza maana watu wanavichanganya vyote kwenye kapu moja.

Kuna tamko, yani waziri anasimama anasema tumesikitishwa, hilo ni mdomo. Alafu kuna mkataba. Iran iliridhia mkataba wa kimataifa wa haki za kiraia na kisiasa mwaka 1975, enzi za mfalme wao, Shah, na serikali iliyokuja baada ya mapinduzi ya 1979 haijawahi kujitoa. Kwa hiyo wanaposema "msituingilie mambo yetu ya ndani" hoja hiyo haisimami, sahihi yao ipo. Tena mwaka 1968 mkutano wa kwanza mkubwa wa dunia wa haki za binadamu ulifanyika wapi? Tehran hapo hapo.

Alafu kuna mtaalamu maalum wa UN wa kufuatilia Iran, cheo hicho kilikuwepo 1984 mpaka 2002, kikafutwa, kikarudishwa 2011 na kipo mpaka leo. Tangu kirudishwe hakuna hata mmoja aliyeruhusiwa kukanyaga nchini. Mwaka 2022 walimruhusu mtaalamu mwingine wa UN, yule anayeangalia madhara ya vikwazo vya uchumi, huyo alipokelewa vizuri, lakini wa kuangalia magereza hapana.

Na kuna tume ya uchunguzi, hiyo ndo iliyozaliwa kwenye kikao chako cha tarehe 24 Novemba, kura 25 zikakubali, 6 zikakataa, 16 hazikuegemea upande. Hii tume kazi yake si kulaani, kazi yake ni kukusanya. Wamekusanya vielelezo zaidi ya 27,000, video, vyeti vya hospitali, maneno ya mashahidi, na Machi 2024 wakaandika bila kupindisha kwamba dola ndiyo inayobeba lawama ya kipigo kilichomuua Mahsa, na kwamba baadhi ya yaliyofanyika kwenye kuzima maandamano yanafikia uhalifu dhidi ya ubinadamu. Waliona ushahidi wa kuaminika wa waandamanaji mpaka 551 waliouawa, kati yao wanawake angalau 49 na watoto 68.

Utaniambia sawa, makaratasi. Ngoja nikupe kisa kimoja.

Mwaka 1988, miezi ya Julai mpaka Septemba, serikali ya Iran iliwanyonga wafungwa wa kisiasa kwa maelfu. Wengi walikuwa wameshahukumiwa zamani na wanatumikia vifungo vyao, wengine walikuwa wanakaribia kutoka. Walikuwa wanatolewa seli wamefungwa kitambaa machoni, wanakalishwa chini kwenye korido, anaitwa mmoja mmoja anaingia kwenye chumba, anaulizwa maswali dakika chache, bado uko na chama chako? unaswali? Akitoka anaelekezwa kushoto au kulia. Walionusurika wanasimulia namna walivyokuwa wanachungulia kwa chini ya kitambaa wakahesabu ndala za watu wanaopita upande ule ambao hakuna anayerudi. Familia hazikuambiwa kitu. Baadae wengine waliitwa kuchukua mfuko wa nguo, basi.

Dunia ilijua? Ilijua. Amnesty walipiga kelele Agosti hiyo hiyo. Tarehe 8 Desemba 1988 Baraza Kuu la UN likapitisha azimio, na neno ni lile lile mleta mada, "wasiwasi mkubwa", limeandikwa mle ndani. Alafu likaishia pale. Hakuna tume, hakuna uchunguzi, halikupelekwa Baraza la Usalama. Wataalamu saba wa UN waliandika barua Septemba 2020 wakakiri kabisa kwamba vyombo vile kutofanya kitu kuliwaumiza sana walionusurika na familia zao, na kulichangia kuharibu hali ya haki za binadamu nchi nzima.

Lakini familia na walionusurika hawakuacha kuandika. Majina, tarehe, seli namba ngapi, nani alikuwa anaita majina. Tarehe 9 Novemba 2019 mwanaume mmoja anaitwa Hamid Noury akatua uwanja wa ndege wa Stockholm, amekuja kama mtu yeyote tu anayesafiri, akakamatwa pale pale. Alikuwa afisa kwenye gereza la Gohardasht mwaka 1988. Mashahidi wakasimama mahakamani mmoja baada ya mwingine, mahakama ya Sweden ilihamia kwa muda mpaka Durrës kule Albania ili wazee walioko huko wasikilizwe. Wengine wakasema sauti ile wanaijua, sura waliiona kwa chini ya kitambaa. Julai 2022 akahukumiwa kifungo cha maisha. Miaka 34 baadae.

Kwa hiyo kwangu mimi "wasiwasi" ukiwa ni mdomo hauna kazi, ukiwa ni daftari una kazi.

Nahodha

Ndugu_Sheria umeeleza vizuri lakini mbona kisa chako umekiachia katikati? Malizia. Noury yuko wapi leo? Tarehe 15 Juni 2024 Sweden ilimwachia akarudi Tehran kwa ndege, akapokelewa, wakabadilishana na raia wao wawili waliokuwa wameshikiliwa Iran. Wale mashahidi waliolia mahakamani wakisimulia namna ndugu zao walivyoitwa, wakaona kwenye televisheni mtu wao anashuka kwenye ndege anapokelewa na viongozi. Na daktari Ahmadreza Djalali, Mswidi mwenye asili ya Iran, aliyekamatwa 2016 alipoenda kwa mwaliko wa chuo kikuu, akahukumiwa kifo 2017, yeye aliachwa nyuma kwenye mabadilishano yale. Mke wake na watoto wake wako Sweden. Hebu fikiria siku ile nyumbani kwake.

Mimi sitetei serikali ya Iran hata kidogo, anayepiga risasi watoto hana utetezi. Ninachokisema ni kwamba hawa wanaotoa wasiwasi wanao wa kuuza na wa kutoa bure. Marekani inalaani Iran kuhusu wanawake, sawa, lakini CEDAW ule mkataba wa kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake Iran haijaridhia na Marekani nayo haijaridhia, imesaini 1980 ikaweka kabatini mpaka leo. Na Wairan wana kumbukumbu ndefu, wanajua 1953 nani alimpindua waziri mkuu wao Mossadegh, ni Marekani na Uingereza. Vikwazo navyo haviumizi wakubwa, vinaumiza mgonjwa anayetafuta dawa.

Alafu kuna jambo watu hawaliangalii. Ule wasiwasi wa nje serikali inaugeuza kamba. Niloofar na Elaheh aliowataja mleta mada waliposhtakiwa walishtakiwa kwa nini? Kushirikiana na Marekani. Kwa kupiga picha korido ya hospitali na kuhudhuria mazishi! Wakapewa miaka 13 na 12, shitaka lile la Marekani baadae likatupwa kwenye rufaa na mwaka 2025 wakasamehewa yaliyobaki, lakini mwaka na zaidi wa maisha yao ulishaenda gerezani. Kila Washington inaposema "tuko pamoja na wanawake wa Iran" kuna mwendesha mashtaka Tehran anaandika hilo kwenye faili la mtu.

Ummu Salma

Asalaam aleikum wote. Kaka Nahodha hapo kwenye kamba nakuunga mkono, ila kuna kitu nataka kusema kama mwanamke ninayevaa hijabu mwenyewe, kwa mapenzi yangu, na ninaumia hii mada ikichukuliwa kama ni vita vya wenye hijabu na wasio nayo.

Watu wengi hawajui kwamba Iran imewahi kulazimisha pande zote mbili. Januari 1936 Reza Shah alipiga marufuku hijabu, polisi wakawa wanawavua wanawake barabarani kwa nguvu, bibi za watu waliacha kabisa kutoka nje ya nyumba, wengine miaka. Alafu 1979 mapinduzi hayajamaliza hata mwezi mmoja, tarehe 8 Machi wanawake kwa maelfu wakaingia barabarani Tehran kupinga kulazimishwa kuvaa. Mle ndani walikuwemo wanaovaa na wasiovaa. Hawakusikilizwa, 1983 ikawa sheria kabisa yenye adhabu. Ukiangalia vizuri ni mkono ule ule wa serikali juu ya kichwa cha mwanamke, mara unavua mara unafunika, na mwenye kichwa hajawahi kuulizwa. Kwangu mimi kitu unachofanya kwa kuogopa gari la polisi hakihesabiki kuwa ibada.

Na wala si nguo tu. Dia (fidia ya damu) ya mwanamke kwenye kitabu cha sheria ni nusu ya mwanaume, siku hizi kuna mfuko wa serikali unajazia pengo lakini kitabu hakijafutwa. Mtoto wa kike anahesabiwa anaweza kubeba kosa la jinai kuanzia miaka 9 ya kalenda ya Kiislamu, wa kiume 15. Msichana anaweza kuozwa akiwa na miaka 13, na chini ya hapo baba akitaka na hakimu akikubali. Mke hapati pasipoti mume asipotia saini. Niloufar Ardalan alikuwa kapteni wa timu ya taifa ya wanawake, mwaka 2015 kulikuwa na mashindano ya Asia ya futsal (ule mpira wa ndani wa watu watano) huko Malaysia, mume wake akakataa kusaini sababu anataka awepo siku ya kwanza ya mtoto kwenda shule, basi akabaki. Kapteni wa taifa! Timu imeenda yeye yuko nyumbani.

Siku hizi hata polisi hahitaji kukusimamisha. Wana programu ya simu inaitwa Nazer, mtu aliyeruhusiwa anaingiza namba ya gari, mahali na saa, kwamba humo ndani kuna mwanamke hajajifunika. Mwenye gari anapata meseji hapo hapo, ukirudia gari linashikiliwa. Yani baba yako au kaka yako anapokea meseji kwamba kichwa chako kimeonekana. Unaelewa wanavyomfanya kila mwanaume kwenye ukoo awe askari?

Sasa kuhusu swali la mleta mada, mimi jibu langu nalipata kwa kuangalia serikali yenyewe inavyohangaika. Mwaka 2023 Bunge la Ulaya lilimpa marehemu Mahsa tuzo yao ya haki za binadamu, ya Sakharov, yeye na harakati ile ya Mwanamke, Maisha, Uhuru. Baba yake, mama yake na kaka yake walikuwa na viza mkononi, wamefika uwanja wa ndege, wakazuiwa kupanda na pasipoti zikachukuliwa. Wakili wao ndo akaenda Strasbourg na barua ya mama. Mwanaharakati Narges Mohammadi alipata Nobel ya amani mwaka huo huo akiwa Evin, watoto wake mapacha wakaenda Oslo kuipokea, mama yao walikuwa hawajamuona miaka mingi. Kama hizi kelele ni upepo tu, kwa nini umzuie mama aliyefiwa asipande ndege? Kwa nini 14 Desemba 2022 walipoondolewa kwenye kamisheni ya UN ya wanawake, kwa kura 29 dhidi ya 8, walipambana mpaka dakika ya mwisho wasiondolewe? Kitu kisichokuuma hukipiganii hivyo.

Nahodha

Dada Ummu Salma hilo la uwanja wa ndege limenigusa, sikuwa nimelifikiria kwa upande huo. Bado nasimama kwenye la Noury. Ukiwaambia mashahidi waje watoe ushahidi wakafungua vidonda vya miaka 30 na zaidi, alafu ukamuuza mtuhumiwa, bora ungewaacha.

Ndugu_Sheria

Mkuu Nahodha sikukiacha kwa makusudi ya kuficha, na uko sahihi, ile ilikuwa ni kuwasaliti. Nilisoma maneno ya baadhi ya familia baada ya pale, yanachoma. Ila hukumu haikufutwa. Mahakama ya rufaa ilishaithibitisha Desemba 2023, ipo kwenye vitabu, korido ya Gohardasht imethibitishwa mahakamani na hakuna atakayesema tena ni uzushi wa wapinzani. Kilichouzwa ni kifungo. Sijui kama hilo linatosha kwa aliyepoteza kaka yake, na sina haki ya kumsemea.

mtafiti_mpole

Naona makundi ya dini na makabila madogo yameguswa kidogo tu na mimi hapo ndo penye uchungu wangu, nina rafiki wa karibu ambaye ni Mbahai, aliondoka Iran akiwa mtoto.

Katiba ya Iran ibara ya 13 inataja dini ndogo zinazotambuliwa: Wazoroasta, Wayahudi na Wakristo. Wabahai ambao ni takriban laki tatu, na wengi huwahesabu kuwa ndio kundi kubwa zaidi la wasio Waislamu, hawapo. Hujatajwa maana yake hupo. Chuo kikuu huingii ukijulikana, ndo maana tangu 1987 wakaanzisha chuo chao cha majumbani, mtu anafundisha kemia sebuleni kwa mwenzake mapazia yamefungwa, na hata hao walimu wakafuatwa wakafungwa. Juni 1983 kule Shiraz walinyongwa wanawake kumi usiku mmoja, mmoja baada ya mwingine. Mdogo wao Mona Mahmudnizhad alikuwa na miaka 17 na kosa lake kubwa lilikuwa kufundisha watoto masomo ya dini yao. Rafiki yangu anaitwa jina la mmoja wa wale kumi, sio Mona, mwingine, na aliniambia mama yake kila akimwita anatulia kidogo kabla ya kuendelea na alichotaka kusema.

Na nataka muone namna hizi habari zinavyoungana maana watu wanazitenganisha, huku wanawake, huku wachache, huku wapinzani. Wale wa 1988 aliowataja Ndugu_Sheria, baadhi ya waliouawa Tehran walizikwa kwa siri sehemu inaitwa Khavaran, kusini mashariki ya mji, makaburi ya halaiki, kiwanja kitupu hakina mawe. Akina mama walienda pale miaka na miaka na maua, wanayaweka chini tu popote kwa sababu hawajui mwanao kalala wapi, askari wanakuja wanayakanyaga, wiki nyingine wanarudi. Sasa 2021 Wabahai wa Tehran wakaambiwa wasizike tena kwenye sehemu yao, wazike pale pale juu ya makaburi ya halaiki. Kwa hiyo mama Mbahai amefiwa anaambiwa amzike mtu wake juu ya mtoto wa mama mwingine. Wabahai wakakataa, wakasema wanajua uchungu wa kuvunjiwa makaburi na hawawezi kumfanyia mwingine. Familia za 1988 nazo zikapinga upande wao. Watu wawili wasiojuana wakawa wanalindana makaburi.

Zahedan kwa Wabaloch, ambao ni Wasunni, tarehe 30 Septemba 2022 siku ya Ijumaa watu wametoka kuswali wakapigwa risasi, wakafa makumi kwa siku moja tu. Walikuwa wanalalamikia binti wa miaka 15 ambaye kamanda wa polisi alituhumiwa kumbaka. Binti hakuwa mtu wa Tehran mwenye kamera nyingi kwa hiyo dunia ilichelewa kusikia. Na waliendelea kutoka kila Ijumaa kwa miezi.

Na jambo la mwisho ni la lugha, labda ni mimi tu. Mahsa ni jina la kwenye karatasi za serikali. Nyumbani kwao kwa Kikurdi aliitwa Jina, wanalitamka kwa ile "j" laini. Kikurdi jin ni mwanamke na jiyan ni maisha, ndo ile kaulimbiu yao "Jin, Jiyan, Azadi" ilipotokea. Kwenye jiwe la kaburi lake hapo makaburi ya Aichi wameandika kwamba Jina hutakufa, jina lako litakuwa ishara. Sisi tunaosoma kwa Kiswahili tunaona neno moja mara mbili, wao hawakukusudia hivyo, lakini nilivyosoma mara ya kwanza nilikaa kimya muda. Arobaini yake tarehe 26 Oktoba 2022 barabara ya kwenda makaburini ilifungwa, watu wakapita mashambani na kwenye mto kwa miguu, maelfu. Mei 2023 kioo cha juu ya picha kaburini kikavunjwa.

Ummu Salma

Allah awarehemu wote. Hilo la Khavaran sikulijua kabisa.

msomaji_wa_usiku (mleta mada)

Wakuu nawashukuru, nimesoma uzi wote mara mbili. Nilikuja hapa nikiwa nimekata tamaa na naondoka si kwamba nina furaha ila najua cha kuangalia. Nikisoma tena "waelezea wasiwasi" nitauliza wameandika majina? kuna mtu ametumwa? mashahidi wanalindwa na nani? au ni mdomo. Na Nahodha lako la kamba nimelichukua, ndugu wa mfungwa wapo kule kule, wao ndo waulizwe kwanza kama wanataka jina la mtu wao litajwe au lisitajwe. Kuna wanaosema taja, kelele imemsaidia, kama yule mwanamuziki Toomaj Salehi aliyehukumiwa kifo Aprili 2024, kelele zikapigwa kila kona, Juni hukumu ikatenguliwa na Desemba akatoka. Kuna wengine wanasema nyamaza kidogo tunaongea na hakimu.

Swali moja dogo limebaki Ndugu_Sheria. Lile azimio la 1988, si ulisema kulikuwa na mtaalamu wa UN wa Iran tangu 1984? Yule alifanya nini? Hakwenda?

Ndugu_Sheria

Alikuwa anaitwa Reynaldo Galindo Pohl wa El Salvador. Aliandika, aliweka majina mengi aliyoletewa kwenye ripoti zake, hilo tumpe. Kuingia nchini alikuwa anaomba anakataliwa. Alikubaliwa mara ya kwanza Januari 1990, karibu mwaka na nusu baada ya ile miezi mitatu.